Besi ya Sitaleki

Mara ya kwanza mashine ilipozimika, Kalolaine alidhani umeme wa kisiwa umekatika. Akabaki amekaa kwenye kiti cha marehemu mumewe, mikono mapajani, akitazama ule weusi wa skrini na sura yake mwenyewe ikimtazama kutoka ndani. Halafu akasikia redio ya jirani inaendelea kusoma matangazo ya vifo, na friji ya duka la ng'ambo ya barabara inanguruma kama kawaida. Umeme ulikuwepo. Ni kompyuta peke yake iliyonyamaza.

Hakushtuka. Tangu Sitaleki azikwe hakuna kilichokuwa kinamshtua. Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia kula, anakula, na ukimuuliza baadaye alikula nini, hakumbuki. Watu wa mji wao, Pangai, walimsifu kwamba ana moyo wa kustahimili, naye akawasikiliza wakimsifu kama mtu anayesikiliza habari za jirani.

Kompyuta ile aliileta mtoto wao mkubwa, Maka, anayepakia mizigo ya ndege kule Auckland. Alikuja nayo likizo ya Krismasi, imeviringishwa kwenye blanketi, akamfundisha baba yake kurekodi sauti kwa maikrofoni ndogo ya kusimama mezani. Sitaleki alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa lao. Tangu siku hiyo chumba kidogo cha nyuma kikawa chake. Spika akazipigilia misumari ukutani, juu kabisa karibu na dari, maana alisema sauti ya kanisani hutoka juu. Kalolaine alizoea kumsikia humo ndani akiimba peke yake huku yeye anasuka mikeka sebuleni. Akikosea, alijikaripia mwenyewe kama anamkaripia mtoto wa watu: "We bwana, masikio umeyaacha wapi?"

Shule Kalolaine hakukaa nayo sana. Alizaliwa Ha'ano, kisiwa kidogo cha kaskazini, akatolewa darasani mapema ili amsaidie mama yake kusuka. Kilichomfanya aolewe ni sikio. Sitaleki alikwenda kule kufundisha wimbo wa mkutano wa makanisa, akamwona msichana mmoja safu ya nyuma anatikisa kichwa. Akasimamisha kwaya nzima.

"Binti, pale nyuma. Kuna nini?"

"Alto wanashuka mapema," akasema, akatamani ardhi immeze.

Walirudia, na kweli walikuwa wanashuka mapema. Mwaka uliofuata Sitaleki alirudi na wajomba zake, na nguruwe, na mikeka. Baada ya ndoa Kalolaine ndiye aliyekuwa akiandika nyimbo kwenye ubao wa kwaya. Kwaya za huko huandika noti kwa tarakimu, na mwandiko wa Sitaleki ulikuwa kama kuku amepita kwenye tope. Yeye aliimba, mkewe akaandika. Wakazeeka hivyo.

Wimbo wa mwisho aliutunga miezi ya viazi vikuu. Soprano, alto na teno zilishaandikwa ubaoni. Besi bado. "Besi ninayo kooni," alisema, "haiendi popote." Wanaume wa besi walizoea kumfuata yeye, hawakuhitaji kusoma. Lakini alirekodi sauti zote nne kwenye kompyuta, akiziimba mwenyewe moja baada ya nyingine, hata soprano, kwa ile sauti ya kubana pua iliyowafanya watu wacheke. Besi akaiweka mwisho. Baada ya hapo akaenda shambani asubuhi moja akaanguka kati ya matuta ya viazi, na walipomfikia jembe lilikuwa bado mkononi.

Kwaya ikaamua wimbo huo uimbwe siku ya kulaza kokoto. Kwenye visiwa vyao vya Ha'apai kaburi halikai mchanga mtupu. Huletwa kokoto nyeusi kutoka Tofua, kisiwa cha mlima wa moto, wanawake wakazisafisha na kuzipaka mafuta ya nazi hadi zing'ae, kisha zikatandazwa. Kokoto za Sitaleki zilikuwa zimeshafika. Bahari ilikuwa imetulia, mashua ikaenda na kurudi, na magunia yalikuwa yamepangwa barazani. Kila siku wanawake walikaa hapo wakizisugua. Kilichobaki ni besi, na besi haikuwa mahali pengine popote duniani isipokuwa ndani ya kasha lile la kompyuta. Disketi za wakati ule zilikuwa ndogo, wimbo hauingii hata nusu.

Kalolaine alijua jambo moja tu kwenye kompyuta: kubofya picha ya kipande cha muziki, ambayo mumewe alimwonyesha. Ukibofya, wimbo unaanza mwanzo. Akabofya. Soprano ikapita, alto ikapita, teno ikaanza, mashine ikazima. Akawasha tena palepale. Safari hii hata soprano haikumaliza.

Ndipo wifi yake Lesieli akasema kutoka barazani, "Kalo, mbona kimya? Kimekushinda?"

"Imezimika, wifi."

"Na wewe hukuigusa?"

"Sikuigusa."

"Basi itakuwa imeguswa na huyo wa kwako. Hakupenda watu wachezee vitu vyake."

Lesieli alikuwa dada mkubwa wa Sitaleki, mama mpana mwenye magoti mabovu na sauti ya kufukuza nguruwe. Kwa watu hawa dada ndiye mkubwa, na msibani ndiye mkubwa kupita wote. Yeye ndiye aliyekaa kichwani pa maiti. Yeye ndiye aliyesema nani akatwe nywele na nani asikatwe. Mjane anakaa chini, amevaa mkeka mkuukuu uliochanika, mkubwa hadi unamziba kifua, na anasema ndiyo. Kalolaine alisema ndiyo kwa kila kitu. Haikuwa kazi ngumu. Alikuwa hana neno lingine.

Siku ya mazishi Lesieli alifanya jambo moja ambalo watu walilizungumzia. Aliingia chumba cha nyuma. Sitaleki alipokuwa hai hakuwahi kukanyaga humo, maana kaka na dada wakishakua hawakai chumba kimoja, wala hawatazami pamoja kitu kimoja wakakicheka. Maisha yake yote alimsikia ndugu yake akiimba kupitia ukuta. Siku ile aliingia na ngatu mikononi, ile nguo ya magome ya mti, nzito, yenye michoro ya kahawia, aliyoigonga mwenyewe na wenzake. Akaifunika kompyuta, kasha na skrini pamoja. Akasema, "Kazi yake imefungwa. Asiifunue mtu hadi kokoto zilazwe."

Baadaye kwaya ilipomwomba kuhusu besi, alilegeza kidogo. Kalolaine aruhusiwe kukunja ngatu upande wa mbele tu, uso wa skrini uonekane, na apitishe mkono chini kuwasha. Zaidi ya hapo, hapana.

Basi fundi akatafutwa, na fundi ni Fe'ao. Alijifunza kazi kwenye injini za boti, akahamia video, na sasa kompyuta, na kila alichotengeneza alikiita ng'ombe wake. Karakana yake ilikuwa karibu na gati. Lesieli akaingia, akaiondoa ngatu kwa heshima, akaikunja, akakaa nayo mapajani kama mtoto mchanga. Saimone, jirani na mwimba besi, akaweka kasha kwenye toroli. Skrini ikabaki, spika zikabaki ukutani na misumari yake.

"Taratibu na hilo shimo la njiani," Lesieli akamwambia.

"Nimembeba huyu bwana toka harusi hadi harusi akiwa amelewa kava," Saimone akasema. "Sijawahi kumwangusha."

Wanawake barazani wakacheka. Kalolaine aliona vinywa vyao vikicheka, akakumbuka kutabasamu.

Fe'ao alifungua kasha akapiga kelele ya furaha. Ndani, nyuma ya feni, alikuwemo mjusi wa ukutani aliyekauka, mwembamba kama jani, mkia umeingia katikati ya mapanga. Na vumbi la kutosha kujaza mto. Akampeleka yule mjusi kwenye baraza la kava jioni, akiwa kwenye kiberiti, kila mtu akamwona.

"Huyu ndiye muuaji," alimwambia Kalolaine siku ya kurudisha. "Mama, nimesafisha kila kitundu. Nimeiacha inawaka kutwa nzima, nimecheza karata humo hadi macho yameuma. Haijajizima hata mara moja."

"Ulisikia wimbo?"

"Sina spika, mama. Mimi ng'ombe wangu huwa mabubu."

Lesieli akaifunika tena, akanyoosha kingo kwa kiganja. Kalolaine akakunja sehemu ya mbele, akabofya. Soprano. Alto. Teno. Akaweka kalamu kwenye karatasi, tayari. Mumewe akavuta pumzi. Ndiyo ile pumzi ya kabla ya besi, aliijua, aliilalia ubavuni miaka yote ile. Mashine ikazima.

Alikaa na kalamu juu ya karatasi kwa muda. Nje kokoto ziliendelea kusuguana. Alijaribu kuona kama ana hasira, akatafuta kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko anaojua hauna kitu. Kisha akatoka akasema, "Imezima tena."

"Mjusi alikuwa na ndugu," Saimone akasema.

Mara ya pili Fe'ao hakucheka sana. Alisema kasha dogo la kupokea umeme, lile la nyuma linalopokea waya, limezeeka. Chumvi ya bahari inakula kila kitu, hata meno ya watu. Akalitoa, akafunga jingine alilolitoa kwenye kompyuta mbovu ya ofisi fulani. Akapima kwa mita, akawasha, akaiacha kutwa. Inawaka vizuri. Saimone akairudisha na toroli, safari hii nguruwe wa watu walimfuata hadi mlangoni wakidhani ni mabaki ya chakula. Lesieli akaifunika. Kalolaine akabofya.

Teno haikufika hata nusu.

Fe'ao alipopata habari aliwaambia waache kabisa kuiwasha. "Kila ikijizima hivyo ghafla, ni kama mtu amepigwa rungu kisogoni," alisema. "Siku moja haitaamka, na iliyoyameza imeyameza." Akaahidi kuja mwenyewe nyumbani, kwa sababu mashine ikiwa mgonjwa kwenu na mzima kwangu, alisema, mgonjwa ni nyumba.

Wakati huo magunia ya kokoto yalikuwa yamebaki machache. Mwenyekiti wa kwaya, mzee mpole aliyekohoa kabla ya kila sentensi, alipita akamwambia Kalolaine kwamba kama besi haitapatikana, basi wataimba wimbo mwingine, wa kitabuni, Mungu anasikia yote. Kalolaine akasema ndiyo. Akampelekea chai na mkate. Alipoondoka, aliosha kikombe, akakiosha tena, na akajikuta bado anakiosha wakati Lesieli alipomwita.

"Umekubali?"

"Nimesema ndiyo."

"Wewe siku hizi ukiambiwa nyumba inaungua utasema ndiyo." Lesieli akatema mbegu ya papai uani. "Wa kitabuni. Ndugu yangu alaziwe kokoto kwa wimbo wa kitabuni, kama mgeni."

 Kalolaine alichukua kokoto moja, akaipaka mafuta.

Fe'ao alikuja asubuhi amevaa mkeka wa kiunoni kwa heshima ya msiba, mita shingoni kama daktari. Aliwaamkia wanawake wa barazani kwa kuinama, akaingia ndani na Kalolaine. Akapima soketi ya ukutani. Nzuri. Akapima waya. Mzuri. Akamwambia awashe, abofye wimbo, amwonyeshe kila kitu kama anavyofanya siku zote.

Kalolaine akakunja ngatu mbele, akapitisha mkono chini, akawasha. Soprano ya kubana pua ikajaza chumba. Fe'ao akatabasamu na kutazama miguu yake. Alto ikaja. Halafu akainama kukagua waya wa nyuma, akaingiza mkono chini ya ile nguo, na kuutoa mara moja, kama mtu aliyegusa mawe ya tanuri la shimoni.

"Mama. Zima."

Haikungoja kuzimwa. Ilizima yenyewe.

Fe'ao akaingiza tena mkono, polepole, akaupitisha mgongoni mwa kasha, ubavuni, juu. Akaugusa ule mkunjo mnene wa ngatu uliobana nyuma, tabaka juu ya tabaka. Akatazama mlango. Pale nje kivuli cha Lesieli kilikuwa kimetanda kwenye sakafu ya baraza.

Akashusha sauti. "Hii nguo huwa iko hapa?"

"Iko hapo tangu msiba."

"Hata ikiwaka?"

"Ndiyo."

"Na ikija kwangu?"

"Wifi anaiondoa. Ikirudi anaifunika."

Fe'ao akakaa sakafuni, akajikuna shingo kwa muda mrefu. "Na mimi najisifu nimekamata mjusi," akasema. "Sikiliza, mama. Ndani mle kuna joto kama jiko. Feni inavuta hewa mbele, inaitema nyuma. Sasa huku kumezibwa, na kule kumezibwa. Joto likizidi inajizima yenyewe, isije ikaungua. Haina ugonjwa wowote. Imekosa pumzi tu."

"Imekosa pumzi," Kalolaine akarudia.

"Ndiyo hivyo."

"Basi mwambie wifi."

"Nani, mimi?" Fe'ao akanyanyuka haraka kuliko mwili wake ulivyoruhusu. "Mama, mimi fundi tu. Ile ngatu ameiweka dada wa marehemu kwa mkono wake. Nikamwambie ndiyo inayoua mashine? Mimi nina watoto."

Alipotoka, Lesieli hakuinua macho kwenye kokoto zake. "Haya, fundi. Leo umeua mjusi gani?"

"Mama mkubwa... umeme wa kisiwa hiki, unajua mwenyewe. Unapanda, unashuka."

"Umeme?"

"Unapanda, unashuka," Fe'ao akasema tena, akionyesha kwa mkono, akaaga. Hata magimbi na kisamvu cha nyama kilichopikwa kwa ajili yake hakukigusa. Wanawake wakatazamana. Kwa kawaida Fe'ao huondoka mahali sahani ikiwa nyeupe.

Kalolaine alibaki chumbani. Aliweka kiganja juu ya ngatu. Hata kupitia ile nguo aliusikia uvuguvugu, kama wa paji la uso la mtu mwenye homa. Ingewezekana kungoja. Mchana Lesieli hulala. Angeifunua kidogo tu upande wa nyuma, angesikiliza, angefunika. Akashika pindo. Lesieli alikuwa amelikunja kwa mtindo wake, ncha moja imeingia ndani ya nyingine, na Kalolaine alijua kwamba anaweza kulikunja hivyohivyo na hakuna atakayejua. Aliangalia vidole vyake vilivyoshika pindo. Akaliachia. Hakuwa anaogopa, au kama alikuwa anaogopa, woga wenyewe ulikuwa mahali mbali asipoweza kuufikia. Ila alijua kwamba wimbo ukisikilizwa hivyo, kwa kuiba, hataweza kuuandika.

Akatoka barazani, akakaa chini kabisa, nje ya mkeka wa Lesieli, kama inavyompasa. Wanawake wengine walikuwa wamekwenda kula. Akachukua kokoto, akaipaka mafuta, akaiweka kwenye lundo la zilizo tayari.

"Wifi."

"Mm."

"Siyo umeme."

Lesieli akaendelea kusugua. "Fe'ao kasema umeme."

"Fe'ao amekuogopa. Ni ngatu. Imeziba mahali pa kutolea joto. Kule kwake haina kitu juu, ndiyo maana inawaka kutwa."

Mkono wa Lesieli ukasimama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi Kalolaine kusema maneno mengi namna ile kwa pamoja, na wote wawili waliligundua hilo.

"Na wewe? Wewe huniogopi?"

Kalolaine akafikiri. Aliona swali ni la haki, akataka kulijibu sawasawa. "Sijui, wifi. Siku hizi sijui naogopa nini."

Lesieli akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akatazama ule mkeka uliochanika, mikono iliyong'aa mafuta, nywele zilizokatwa kwa amri yake mwenyewe hadi shingo ikaonekana nyembamba kama ya mtoto.

"Kwa hiyo muda wote huu," akasema, "mimi ndiye niliyekuwa namkaba koo."

"Mashine, wifi."

"Mashine, ndiyo. Nimesema mashine." Akajifuta mikono kwenye sketi yake nyeusi, mmoja, halafu mwingine, akarudia wa kwanza. "Nilifunika kwa sababu watu walikuwa wengi. Wanaingia, wanatoka, kila mtu anachungulia. Nikaona kimekaa pale uchi, kinatazamwa. Na mimi maisha yangu yote sijawahi kukiona. Nilikuwa nasikia tu."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikuwa unaona." Akanyoosha mkono. "Niinue. Haya magoti si yangu."

Waliingia. Lesieli alisimama mbele ya meza, akaishika ngatu ncha mbili na kuiinua. Vumbi dogo likapanda kwenye mwanga wa dirisha. Akaikunja mara mbili, akafikiri, akaifungua, akaikunja tena pana zaidi.

"Tulipomlaza," akasema, "ngatu ilikuwa wapi?"

"Chini yake."

"Chini yake. Tulimlaza juu yake kama mtu wa heshima. Nani kanifundisha kumfunika?" Akapiga ulimi. "Inua hilo kasha. Usinitazame, inua."

Kalolaine akaliinua kasha, Lesieli akatandika ngatu mezani chini yake, akavuta pembe hadi michoro ikatazama mlango. Wakaliweka juu. Kisha skrini. Lesieli akarudi nyuma hatua chache kukagua, kama mama anayekagua watoto kabla ya kanisa.

"Hakuna wa kusema nimemvua," akasema. "Haya. Bofya hilo dude lako."

Kalolaine akakaa, akaweka karatasi tayari, akabofya. Soprano ya kubana pua ikatoka juu ukutani. Lesieli akashtuka, mkono mdomoni. Sauti haikuwa ng'ambo ya ukuta safari hii, ilikuwa juu ya kichwa chake, chumba kimoja naye. Akageuka bila kusema kitu, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. Kalolaine akasikia mbao za baraza zikilia, na mgongo mpana ukijiegemeza kwenye ukuta upande wa pili.

Alto ikapita. Kalolaine aliiwaza ile alto ya Ha'ano, akaacha kuiwaza. Teno ikapita yote, hadi mwisho. Feni ilikuwa inavuma vizuri, na kutoka nyuma ya kasha hewa ya vuguvugu ilimpuliza kwenye kiwiko. Mumewe akavuta pumzi.

Halafu besi. Ikashuka polepole na kukaa, kama mtu mzito anavyokaa. Mkono wa Kalolaine ukaanza kwenda. Tarakimu ya kwanza, ya pili, mstari, nukta. Aliandika alichosikia, kama alivyoandika miaka yote, kichwa kimeinama upande mmoja. Hakulia. Alingoja kidogo aone kama atalia, na wimbo haukumngoja, ikabidi aufuate. Mahali fulani Sitaleki alikosea, akasema, "We bwana, masikio umeyaacha wapi?", akarudia mstari. Kalolaine akafuta, akaandika upya. Kupitia ukuta alisikia Lesieli akitoa sauti fulani, kicheko au kitu kingine, kifupi.

Besi ikafika mwisho. Ikakaa kwenye noti yake ya chini hadi pumzi ikaisha. Kisha kukabaki ule mvumo wa rekodi isiyo na mtu, kiti kikasogezwa, nayo ikakatika. Wimbo ulikwisha. Kwenye skrini ile picha ndogo ya muziki ilitulia mahali pake.

Mashine haikuzima.

Kalolaine akakaa akiitazama. Alikuwa amezoea ijizime yenyewe. Akaipitia karatasi, tarakimu zote zilikuwepo, safi, zinazosomeka. Jioni Saimone angezipeleka kwa wanaume wa besi, na mwenyekiti angekohoa na kushukuru.

"Imezima?" Lesieli akauliza kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Hapana, wifi. Yeye ndiye amemaliza."



"Umepata yote?"

"Yote."

"Basi izime, ipumzike."

Kalolaine akashika ile panya ya kubofya, akatafuta mahali alipowahi kumwona mumewe akibonyeza kila usiku kabla ya kulala. Akabonyeza. Kisanduku kidogo kikatokea katikati ya skrini, na maneno machache ya Kiingereza aliyoyafahamu kwa shida. Akayasoma taratibu, midomo ikitembea.

"Wifi."

"Nini tena?"

"Inaniuliza kama nina hakika."

Mbao za baraza zililia, kama mtu anayejiweka vizuri kwa ajili ya kukaa. "Iambie ingoje," Lesieli akasema.

Kalolaine akatoa mkono, akauweka mapajani. Feni iliendelea kuvuma. Nje, baada ya muda, kokoto zikaanza tena kusuguana, moja na nyingine, polepole.